Milango Miwili ya Vyuo Vikuu vya Marekani: Funzo Kutoka kwa Vijana wa India

Kila mwaka, katika siku za mwisho za mwezi wa Machi, ziko nyumba nyingi nchini India ambazo hazilali. Vyuo vikuu vinane vya kale vya mashariki ya Marekani hutangaza majibu ya waombaji wao kwa siku moja, wakati wa jioni. Na jioni ya huko ni alfajiri ya Delhi, Pune na Chennai. Yapata saa kumi na nusu, kabla jua halijachomoza, kijana wa miaka 17 au 18 huketi mbele ya kompyuta, baba na mama wakiwa wamesimama nyuma yake, akingoja ukurasa ufunguke. Kwa walio wengi jibu ni lile lile: tunasikitika kukuarifu.

Hesabu yenyewe ni kali. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea maombi 54,008 ya shahada ya kwanza, kikawakubali waombaji 1,937; yaani hawakufika wanne katika kila mia. Na hiyo ni hesabu ya waombaji wote, wenyeji na wageni pamoja. Kwa mgeni mlango ni mwembamba zaidi. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ambayo wengi huijua kwa herufi MIT, imeweka kikomo cha idadi ya wageni inaowachukua, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikubaliwa wawili au watatu tu katika kila mia ya walioomba kutoka nchi za nje.

Katika makala haya nakusudia kutoa maoni yangu juu ya jambo hili. Nasema mapema ninachokiamini, ili msomaji anipime kwa hoja zangu. Naamini kwamba jibu lile la alfajiri si kipimo cha akili ya kijana. Kwamba madhara makubwa yanatokana na wazazi, walimu na magazeti kulifanya kuwa kipimo. Na kwamba kwa kijana anayetaka sayansi hasa, na si jina, uko mlango wa pili ulio mpana zaidi, ambao husemwa kidogo kwa sababu hauna shangwe.

Huenda msomaji akauliza: ya India yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wenyewe wanajaza fomu hizo hizo, ingawa ni wachache. Pili, India ndipo mahali ambapo jambo hili limekua hadi likaonekana umbo lake lote. Daktari hujifunza ugonjwa pale dalili zilipo wazi.

Safari ya zamani

Safari hii haikuanza jana. Mwaka 1913 B. R. Ambedkar, mtoto wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi, alifika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kwa ufadhili wa mtawala wa Baroda. Baadaye akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India huru. Lakini kwa muda mrefu waliofuata njia yake walikuwa wachache. Sheria ya Marekani ya mwaka 1946 iliwapa Wahindi mgawo wa watu 100 tu kwa mwaka wa kuhamia nchini humo, na mpango huo wa migawo ya kitaifa haukuondolewa mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1965.

Wakati huo India ilikuwa imekwisha kujenga vyuo vyake. Taasisi za Teknolojia za India, zijulikanazo kwa herufi IIT, zilianza Kharagpur mwaka 1951, kisha Bombay mwaka 1958, Madras na Kanpur mwaka 1959. Ile ya Kanpur ilisaidiwa kwa miaka kumi, tangu 1962 hadi 1972, na umoja wa vyuo tisa vya Marekani, MIT na Princeton vikiwa miongoni mwao. Walimu wa Kimarekani walikwenda Kanpur kufundisha, wakarudi kwao wakiwa wamewaona wanafunzi wa India kwa macho. Basi si ajabu kwamba mhitimu wa IIT alipoomba nafasi ya masomo ya juu Marekani, barua yake haikusomwa kama barua ya mtu asiyejulikana atokako.

Leo idadi imekuwa kubwa mno. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 India iliipita China, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2008/09, ikawa nchi yenye wanafunzi wengi kuliko nchi yoyote ya kigeni huko Marekani: watu 331,602. Lakini tuichambue hesabu hiyo. Kati yao, waliokuwa wakisomea shahada ya kwanza walikuwa 36,053 tu. Waliokuwa katika masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza walikuwa 196,567. Waliobaki, karibu wote, walikuwa wahitimu waliokuwa wakifanya kazi za mazoezi kwa muda ulioruhusiwa na viza zao. Hivyo magazeti yanapoandika habari za kijana aliyepokewa Harvard, yanaandika juu ya mlango unaopitwa na wachache sana, na kuuacha ule unaopitwa na walio wengi.

Mlango wa kwanza: kinachofundishwa na kinachoulizwa

Mtoto wa India anayependa sayansi hulelewa kwa ajili ya mtihani mmoja. Mtihani wa kuingia IIT una ngazi mbili. Mwaka 2024 waliofanya ngazi ya kwanza walizidi milioni 1.4. Walioruhusiwa na kufanya ngazi ya pili walikuwa wapatao 180,000, waliofaulu 48,248, na viti vilivyokuwapo 17,740. Hakuna insha, hakuna barua, hakuna anayeuliza unapenda nini. Unapewa fizikia, kemia na hisabati, na ukitoka unapewa namba ya nafasi yako katika taifa zima. Uko mji wa Kota, katika jimbo la Rajasthan, ambao uchumi wake umejengwa juu ya madarasa ya kutayarisha mtihani huo. Na mji huo huo umeandikwa mara nyingi magazetini kwa sababu ya vijana waliojiua kwa kushindwa kuubeba mzigo. Sitaki kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Una ukatili wake. Lakini una sifa moja: kila mtu anajua kinachoulizwa.

Chuo mashuhuri cha Marekani huuliza mambo mengine kabisa. Fomu ya pamoja itumiwayo na vyuo vingi humtaka mwombaji aandike insha isiyozidi maneno 650 juu ya nafsi yake. Humtaka ataje shughuli zake za nje ya darasa, zisizozidi 10, na tuzo zake zisizozidi 5. Chuo hutaka barua za walimu, na barua ya mshauri wa shule, yaani mtu ambaye kazi yake ni kumjua kila mwanafunzi na kumweleza kwa wageni. Kisha kila chuo huongeza maswali yake: kwa nini umetuchagua sisi? Utaleta nini katika jamii yetu?

Sasa mfikirie binti katika shule ya serikali ya mji mdogo wa Bihar au Maharashtra, mwenye kipaji cha hisabati. Mwalimu wake ana wanafunzi 60 darasani. Shule haina mshauri, wala haijapata kuandika barua ya namna hiyo. Shughuli zake za nje ya darasa ni kuchota maji, kupika, na kumfundisha mdogo wake. Naye hajui kwamba hayo yanaweza kuandikwa, maana nyumbani hayaitwi shughuli, yanaitwa wajibu. Lugha aliyosomea ni Kimarathi au Kihindi. Na kalenda inampiga vita: fomu za vyuo vingi hufungwa siku ya kwanza ya Januari, ngazi ya kwanza ya mtihani wa IIT huanza mwezi huo huo, na mitihani ya kumaliza kidato cha mwisho hufuata Februari na Machi. Anatakiwa kuwa watu wawili katika miezi mitatu: mmoja anayekokotoa, na mwingine anayejisimulia.

Katika miji mikubwa hali ni tofauti. Huko zipo shule za ada kubwa zenye washauri wa kudumu, na zipo ofisi za watu binafsi zinazomchukua mtoto tangu kidato cha pili, zikamchagulia mashindano ya kuingia, shirika la hisani la kuanzisha, na hata huzuni ya kuandikia insha. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji wa maombi aliyeko Massachusetts huona jahazi likielea, hawaoni mafundi.

Kwa sababu hii sikubaliani na wale wenzangu wanaosema kwamba mtihani ni adui wa maskini na insha ni rafiki yake. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020, vyuo vingi vya Marekani viliacha kudai mtihani wa SAT. MIT iliurudisha mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vilitangaza mwaka 2024 kwamba vitarudia kudai mitihani. Wengine walisikitika. Mimi sikusikitika. Ada ya mtihani huo kwa mtoto wa India hupita dola 100, nayo si haba. Lakini maswali yake ni yale yale kwa wote, na vitabu vya kujitayarishia vyapatikana bure. Binti wa Bihar anaweza kujifunza kutafuta kipeo cha kwadratiki bila mshauri. Hawezi kujifunza peke yake namna ya kumpendeza msomaji asiyemjua, aliye upande wa pili wa dunia.

Gharama na neno lililofichika

Baada ya maneno huja fedha. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25 Harvard ilikadiria gharama za mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa ada, chakula na malazi, kuwa zaidi ya dola 82,000. Hiyo ni karibu mara 30 ya pato la wastani la Mhindi mmoja kwa mwaka. Ada ya masomo katika IIT, tangu mwaka 2016, ni rupia 200,000 kwa mwaka, yaani chini ya dola 2,500, na watoto wa familia maskini sana husamehewa yote.

Ni kweli kwamba vyuo tajiri vya Marekani hutoa msaada mkubwa. Lakini hapa pana tofauti ambayo wazazi wengi hawaielewi, nayo inastahili kuelezwa wazi. Viko vyuo vichache, mathalani Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin, ambavyo husoma maombi ya mgeni bila kuangalia kama ana fedha au hana, kisha vikimkubali humpa msaada unaotosha. Vyuo vingine vingi husoma maombi ya mgeni huku vikiangalia kiasi cha fedha alichoomba. Na aombaye kikubwa hupungukiwa na bahati. Kwa hiyo mtoto wa karani wa Nagpur anajikuta katika mtego: vyuo visivyoutazama umaskini wake ndivyo vyenye mlango mwembamba kuliko vyote, na vyenye mlango mpana kidogo ndivyo vinavyoutazama.

Ipo misaada ya Wahindi wenyewe. Mfuko ulioanzishwa na J. N. Tata mwaka 1892 bado hutoa mikopo ya masomo ya juu ng'ambo, na mwaka 2008 mashirika ya hisani ya Tata yaliweka dola milioni 25 katika Chuo Kikuu cha Cornell kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka India. Ni jambo jema. Hata hivyo, nchi ya watu bilioni 1.4 haiwezi kutosheka kwa vijiko.

Uongo na wanaoufaidi

Pale ambapo mlango ni mwembamba na kipimo hakijulikani, uongo huota kama magugu. Mwaka 2024 kijana mmoja wa India aliyekuwa akisoma kwa ufadhili katika chuo kimoja cha jimbo la Pennsylvania aligunduliwa kuwa alighushi karatasi za alama zake, na kuandika kwamba baba yake amefariki ilhali yu hai. Alishtakiwa, akapoteza nafasi yake, akarudishwa kwao.

Kosa ni lake, nami simtetei. Lakini yatupasa kuuliza ni nani aliyemfundisha kwamba baba aliyekufa ana thamani kubwa kuliko baba aliye hai. Utaratibu unaomwomba mtoto aonyeshe jeraha, kisha ukamlipa kwa kadiri ya kina chake, usishangae wengine wakijikata kwa makusudi au wakichora damu kwa wino. Kwa kila aghushiye waziwazi, wapo wengi walionunua insha nzuri kutoka kwa mwandishi wa kulipwa, na hao hawakamatwi. Anayeumia ni yule aliyeandika kweli yake kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Mlango wa pili: masomo ya udaktari

Sasa nije kwenye mlango ninaoujua zaidi. Mwanafunzi anayeomba shahada ya udaktari katika sayansi hasomwi na ofisi ya udahili inayotafuta vijana wa kupamba bustani. Husomwa na walimu wa idara, wanaotafuta mtu wa kufanya naye kazi kwa miaka mitano au sita. Swali lao ni moja: huyu ataweza utafiti? Na akikubaliwa, kwa kawaida idara za sayansi humsamehe ada yote na kumlipa posho ya kujikimu, naye akasaidia kufundisha au kufanya kazi maabara. Mtoto wa karani hahitaji kuuza shamba.

Lakini mlango huu nao una kizingiti, na wengi hujikwaa bila kujua. Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, chuo cha jimbo kisichokuwa na jina kubwa, idara yetu ilikuwa na desturi ya kumweka mwanafunzi mmoja katika kamati ya kusoma maombi. Mwaka mmoja zamu ilikuwa yangu. Likaja jalada la kijana kutoka chuo kikuu cha jimbo fulani huko India, mwenye wastani wa asilimia 64. Profesa mmoja, mtu mwema na mwenye haki, aliliweka kando bila kulifungua zaidi. Kwa hesabu ya Kimarekani, asilimia 64 ni mtu aliyenusurika kufeli.

Mtafiti mmoja wa Kihindi aliyekuwa mezani aliomba kusema. Akaeleza kwamba katika vyuo vikuu vingi vya India asilimia 60 ndiyo daraja la kwanza, na kwamba katika vyuo vya zamani vyenye wasahihishaji wakali, 64 ya fizikia huenda ikawa alama ya juu kuliko zote mwaka huo. Jalada likarudishwa mezani. Tukakuta ndani yake kazi ndogo ya majaribio juu ya tabaka nyembamba za metali, aliyoifanya kwa vifaa vibovu kwa uangalifu mkubwa. Alikubaliwa. Kwa miaka mitatu meza yake ilikuwa mkabala na yangu, na mengi ninayowafundisha wanafunzi wangu leo juu ya kupima makosa ya kipimo nilijifunza kwake.

Nimelikumbuka jalada lile mara nyingi. Lililonikaa moyoni si kwamba lilirudishwa, bali kwamba lilirudishwa kwa sababu mtu mmoja hakukosa kikao siku ile. Majalada mangapi yaliwekwa kando katika vyumba ambamo hapakuwa na wa kusema?

Vizingiti vingine ni vya aina hiyo hiyo. Shahada ya kwanza ya sayansi huko India imekuwa ya miaka mitatu, ilhali idara nyingi za Marekani hudai miaka minne. Sera mpya ya elimu ya India ya mwaka 2020 imeruhusu mwaka wa nne, lakini wengi bado hutoka na mitatu. Barua za walimu ni shida kubwa zaidi. Katika zamu yangu niliona barua tatu za walimu watatu zenye sentensi zile zile, hata kosa la tahajia lile lile. Kamati ikacheka, ikadhani ni udanganyifu. Kumbe ni desturi iliyoenea: profesa mwenye kazi nyingi humwambia mwanafunzi, andika mwenyewe nitie sahihi. Kijana haoni aibu, maana ndivyo alivyoagizwa. Na barua inayomwita mwanafunzi hodari, mtiifu na mwenye bidii haimwambii msomaji kitu chochote. Barua inayosema kwamba alikuwa wa pili kati ya 140, na kwamba aligundua kosa katika mtambo wangu, husema kila kitu.

Tusidhani pia kwamba mlango huu una thamani tu ukiwa na jina. Venkatraman Ramakrishnan alitoka Chuo Kikuu cha Baroda, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Ohio, mjini Athens, ambacho hakimo katika orodha ya ndoto za mzazi yeyote. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya umbo la ribosomu. Mchagua jembe si mkulima.

Nionye hapa juu ya jambo moja. Walio wengi katika wale 196,567 si wanafunzi wa udaktari, bali wa shahada ya pili ya kulipiwa, ambao aghalabu huenda kwa mikopo iliyowekewa dhamana ya nyumba au ardhi ya wazazi. Hao hawapiti mlango ninaousifu. Wameweka dau juu ya kazi watakayoipata baadaye, na dau hilo limekuwa la hatari zaidi. Mei 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa wiki kadhaa upangaji wa miadi mipya ya usaili wa viza za wanafunzi. Mwezi huo huo ikajaribu kukinyima Harvard ruhusa ya kuwa na wanafunzi wa kigeni, mahakama ikaizuia. Na Septemba 2025 yakatangazwa malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ambayo wahitimu wengi wa India huitegemea. Anayekwenda kwa shamba la baba na awe anajua kwamba sheria inaweza kubadilika akiwa angani.

Nini kifanyike

Kwanza, vyuo vya Marekani. Chuo kinachotangaza kwamba kinatafuta vipaji vya dunia nzima hakina budi kujifunza kusoma karatasi za dunia hiyo. Mezani pawe na mtu anayejua kwamba asilimia 64 ya mahali pamoja ni kubwa kuliko 95 ya mahali pengine. Na kama nafasi za wageni zina kikomo, kikomo hicho kitangazwe kwa tarakimu, ili mzazi ajue anachonunua anapolipa ada ya maombi.

Pili, vyuo na shule za India. Chuo kikuu kinachotoa alama kali kiambatishe kwenye kila karatasi ya alama maelezo ya daraja na nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake. Ni ukurasa mmoja tu. Na profesa asiyekuwa na saa moja ya kumwandikia barua mwanafunzi wake akatae waziwazi, ili kijana amtafute mwingine.

Tatu, wazazi na vijana. Ombeni, kwa kuwa asiyeomba hapewi. Lakini ombeni mkijua kwamba ni bahati nasibu iliyovaa joho. Aliyekataliwa alfajiri ile ana akili ile ile aliyolala nayo usiku. Na anayependa sayansi ajiulize kama miaka minne katika chuo kizuri cha nyumbani, yenye mwalimu anayemjua na maabara anayoruhusiwa kuharibu vitu, haitamfikisha mbali zaidi kuliko insha ya maneno 650.

Hata sisi jambo hili limetufikia. Mwaka 2023 IIT Madras ilifungua tawi lake Zanzibar, na kijana wa Pemba au Tabora anaweza sasa kusoma katika taasisi ambayo babu zake waliisikia kwa mbali. Baadhi yao wataomba masomo ya juu Marekani, kwa karatasi zenye alama zitakazohitaji kuelezwa. Nami kila mwaka, kabla ya Desemba, hupokea wanafunzi wawili watatu wenye fomu mkononi, wakiniomba nitie sahihi barua waliyokwisha kuiandika wenyewe. Huirudisha barua, nawaomba wakae, nawauliza: nieleze ulifanya nini maabara, na lipi lilikushinda. Kisha huandika mwenyewe. Huchukua muda. Lakini sijui ni nani atakayekuwa mezani siku jalada lao litakapofunguliwa, na pengine hapo hapatakuwa na wa kusema isipokuwa barua ile.